Risasi za Chini Kulia

Karatasi ya shabaha ilikutwa nyumbani kwa Marko, ndani ya Biblia, imekunjwa mara nne. Koplo Nassir aliikunjua taratibu juu ya meza ya Inspekta Tumwagile, akabana pembe moja kwa simu yake na nyingine kwa kikombe cha chai.

Ilikuwa na matundu kumi. Yote yalikaa katikati, na Nassir alipoyawekea kiganja chake hakuna lililobaki nje. Chini ya karatasi mtu alikuwa ameandika kwa wino wa bluu: Marko, hatua kumi. Pembeni palikuwa na tarehe ya Jumamosi ya wiki mbili zilizopita.

"Mtu anayepiga hivi kwa hatua kumi," Nassir alisema, "anamkosaje mbwa kwa hatua nane, afande?"

Tumwagile aliivuta karatasi karibu, akayahesabu tena matundu yake.

Jana yake, saa mbili asubuhi, Tabea, mke wa mfugaji aitwaye Kulet, alipigwa risasi moja uani kwa Marko, katika kijiji cha Masanze, mahali alipokuwa akipeleka maziwa kila siku. Aliyepiga simu polisi ni Marko mwenyewe. Alisema mbwa mwenye kichaa alitokea kwenye mahindi, akamrukia Tabea. Yeye akachukua bastola yake anayoimiliki kwa leseni, akamlenga mbwa, akamkosa. Mbwa akakimbia. Tabea alikata roho kabla gari la polisi halijafika.

Ingekuwa ajali ya kusikitisha na faili jembamba, kama si mambo mawili. Mbwa hakupatikana. Na siku nne kabla ya hapo ng'ombe wa Kulet waliingia shambani kwa Marko wakala mahindi ya karibu nusu eka. Siku hiyo Marko alisema mbele ya mtendaji wa kijiji na watu zaidi ya kumi, "Safari nyingine sitakuja hapa kusema."

Sasa kulikuwa na karatasi hii.

Tumwagile alichungulia dirishani. Kulet alikuwa ameketi chini kwenye kivuli cha ukuta wa kituo, fimbo imelala mapajani. Nyuma yake walisimama wanaume kama ishirini, shuka zao zimefungwa vizuri, hakuna aliyekuwa akizungumza. Walifika Kilosa alfajiri kwa pikipiki na kwa miguu. Hawakudai kitu. Walisema tu wanasubiri.

"Mlete Marko," Tumwagile alisema.

Marko alikuwa mtu wa miaka sitini, mrefu, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Alipofika kwenye kiti alikipapasa mgongo kwanza, ndipo akakaa.

"Shikamoo, mzee Marko."

"Marahaba, mama."

"Nataka unieleze tena. Ulikuwa wapi mbwa alipotokea?"

"Mlango wa jikoni."

"Mbwa alikuwa wa rangi gani?"

"Mbwa wa kawaida tu hawa wa kijijini."

"Wa rangi gani?"

"Sikuangalia rangi. Nilikuwa naangalia meno."

"Ulipiga risasi ngapi?"

"Moja."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Mimi natumia wa kulia."

"Mkeo, mama Lea, alikuwa wapi?"

"Ndani." Jibu hili lilitoka upesi kuliko yote. "Alikuwa chumbani anatandika. Hakuona kitu, msimsumbue."

Tumwagile alimsogezea maelezo aliyoyatoa jana. "Yasome. Kama ni sawa, weka sahihi chini hapa penye mstari."

Marko aliishika karatasi, akaiinua, akaishusha. "Miwani nimeiacha nyumbani. Lakini ni sawa." Akachukua kalamu na kuandika jina lake. Sahihi yake haikukaa kwenye mstari. Ilipita juu ya maneno ya aya ya mwisho.

Nassir aliona, akafungua mdomo kutaka kusema. Tumwagile alimtazama, akaufunga.

"Hii nayo ni yako?" Tumwagile aliiweka karatasi ya shabaha mbele yake.

Marko alipitisha vidole juu yake. Vilipofika kwenye matundu vilisimama. "Ni yangu."

"Unapiga vizuri, mzee."

"Nilijifunza. Mikumi, kwa mzee Filipo. Kila Jumamosi, miezi mitatu."

"Na jana ukakosa."

"Jana nikakosa," Marko alisema, na uso wake ukakunjamana kama mtu aliyemeza kitu kichungu. "Nimeua mtu aliyekuwa anatuletea maziwa. Niandikie hivyo, mama. Usitafute jingine."

Saa nne kasoro daktari alipiga simu kutoka chumba cha maiti. Risasi iliingia ubavuni, chini ya kwapa, moja kwa moja, haikugonga kitu kingine kwanza. Na kwenye kigimbi cha mguu wa kushoto kulikuwa na majeraha ya meno, mabichi.

"Meno ya nini, daktari?"

"Ya mbwa. Hapo sina shaka."

Tumwagile alipeleka habari hizo kwa Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya. Mkuu alisikiliza akiwa amesimama, macho yake yakienda dirishani, kwa wale watu wa nje.

"Kwa hiyo mbwa alikuwepo," alisema. "Sawa. Mbwa anaweza kuwa wa kweli na nia ikawa ya kweli pia. Mtu ana kisasi moyoni, mbwa anampa sababu, anavuta triga. Mpigaji hodari wa kiasi kile hakosi kwa hatua nane. Faili liende kwa wakili wa serikali kesho asubuhi, kosa la mauaji."

"Naomba leo niende Mikumi kwanza, mkuu."

"Kufuata nini?"

"Karatasi nyingine. Hii ni ya mwisho. Nataka kuona za mwanzo."

Mkuu alitazama saa. "Uwe umerudi saa kumi. Wale nje hawatakaa kimya siku mbili."

*

Nassir aliendesha. Walipita Masanze bila kusimama, wakapita Zombo, ambako akina mama walikuwa wameanika mpunga kando ya barabara na kuwafukuza kuku kwa vijiti. Mikumi waliikuta imejaa malori ya safari ndefu, madereva wakila wali kwenye mabenchi. Machimbo ya zamani ya kokoto yalikuwa nyuma ya mji, na humo ndimo mzee Filipo, askari wa wanyamapori mstaafu, alikuwa na kibali cha kuwafundisha shabaha wenye silaha za leseni.

Filipo alikuwa mdogo wa umbo, mkakamavu, kofia ya zamani ya kazi bado kichwani. Waliamkiana, wakamweleza kilichotokea. Alivua kofia.

"Nilisikia mtu kafa Masanze," alisema. "Sikujua ni kwa bastola ile."

"Ni ya namna gani?"

"Ndogo. Ile ya kuficha kiunoni. Watu wanazipenda kwa sababu ni nyepesi, hawajui ndizo ngumu kuliko zote." Alitoa ya kwake kwenye mkoba, akaondoa magazini, akavuta chemba na kuwaonyesha kwamba ni tupu. "Tazama mpini. Kidole kidogo hakina pa kukaa, kinaning'inia. Alama za kulengea, ya nyuma na ya mbele, zimekaribiana, ukikosea kidogo hapa, kule mbele umekosea sana. Na inaruka mkononi kama chura."

"Mtu akitaka shabaha yake itengemae anafanyaje?"

"Anashika juu kabisa ya mpini, mpaka nyama ya mkono ijae. Mkono wa pili unaziba nafasi iliyobaki. Halafu triga." Filipo aliweka sarafu juu ya bastola tupu, akaielekeza ukutani, akavuta. Kitu kililia ndani, sarafu haikutikisika. "Unaivuta taratibu, moja kwa moja nyuma, kwa kidole kimoja tu. Wageni wanabana mkono mzima kama wanakamua nguo. Bastola inainama kabla risasi haijatoka. Nyumbani nawaagiza wafanye hivi na sarafu, bila risasi, mara mia kwa siku. Anayefanya, baada ya miezi miwili anakuwa mtu mwingine."

"Marko alifanya?"

"Hakuna aliyefanya kama..." Filipo alikatisha, akairudisha bastola kwenye mkoba. "Ndiyo. Alifanya."

"Karatasi zake za nyuma unazo?"

Filipo alisitasita. Kisha aliingia kwenye kibanda chake, akatoka na boksi la viatu. Tumwagile alizipanga karatasi juu ya meza ya mbao kwa kufuata tarehe, kumi na mbili kwa jumla, akaweka kokoto juu ya kila moja zisipeperuke.

Ya kwanza matundu yalikuwa yametawanyika, lakini hayakutawanyika ovyo. Karibu yote yalikuwa chini, upande wa kulia. Ya pili vilevile, chini kulia. Ya tatu. Kuanzia ya sita yalianza kupanda kuelekea katikati, na ya kumi na mbili yangefunikwa na kiganja.

Tumwagile alirudi kwenye ya kwanza, akainama.

"Nilipokuwa chuoni Moshi," alisema, "nilifeli shabaha mara mbili. Risasi zangu zote zilikwenda chini kushoto. Mkufunzi aliniambia ni kwa sababu natumia mkono wa kulia na ninaubana wote. Mkono wa kulia ukibana, bastola inainama upande wa kushoto. Ni kweli, mzee Filipo?"

"Ni kweli."

"Wote wanaotumia wa kulia?"

"Karibu wote."

"Na anayetumia wa kushoto?"

Filipo aliangalia kofia yake. Lori lilipiga honi mbali barabarani.

"Anakwenda chini kulia," alisema.

"Marko anatumia mkono gani?"

Nassir alisogea, akazitazama karatasi moja moja, na midomo yake ikawa inahesabu.

"Mzee Filipo," Tumwagile alisema, "Marko haoni. Leo ameweka sahihi juu ya maandishi na kuniambia amesahau miwani. Mtu asiyeuona mstari wa sahihi hawezi kuweka matundu kumi kwenye kiganja. Nani alikuwa anapiga hapa?"

Filipo alikaa kwenye benchi.

"Miaka mitatu iliyopita walivamiwa," alisema. "Walikatwa mapanga, yeye na mkewe. Ndipo Marko akaomba leseni. Amepata bastola, mwaka haujaisha, presha ya macho ikaanza kumla. Jumamosi ya kwanza walikuja wawili. Nilimwona namna alivyoshikwa mkono kutoka kwenye bodaboda, nikamwambia, ndugu yangu, wewe hii uirudishe polisi. Mkewe ndiye aliyenijibu. Akaniuliza, 'Wakija tena, unataka nilindwe na mtu asiyewaona?'"

"Ukamfundisha Lea."

"Kwa jina la mumewe. Nilijua ni kosa, leseni si yake. Lakini nilikuwa nimeona kovu lake, linaanzia hapa." Aligusa chini ya sikio lake hadi begani. "Alijifunza kuliko wanaume wote waliopita hapa. Nilijivunia."

"Basi alikosaje?"

"Hapa moyo umetulia. Karatasi imesimama, unapumua, unavuta. Ukiona mtu unayempenda anang'atwa, mkono unasahau miezi mitatu kwa mara moja. Unarudi kubana kama siku ya kwanza." Alizinyooshea kidole karatasi za mwanzo. "Nilimfundisha kulenga, mama. Sikumfundisha kuogopa huku analenga. Sijui hata kama hilo mtu anaweza kufundishwa."

Tumwagile alizikusanya karatasi, akaziweka kwenye bahasha, akaandika juu yake mahali, saa na jina la aliyezitoa.

"Utahitajika kutoa maelezo, mzee. Na kibali chako kitaangaliwa."

"Kiangaliwe," Filipo alisema. Hakuinuka walipoondoka.

*

Lea walimkuta uani Masanze, amekaa kwenye kigoda, sinia la mahindi mbele yake. Alikuwa akipukuchua. Hakuna aliyekuwa amemtuma wala aliyekuwa akiyasubiri mahindi hayo. Yalikuwa yamejaa sinia na kumwagikia chini. Kovu lilionekana pale kanga iliposhuka begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni. Viti viko ndani."

"Tutasimama tu."

Tumwagile alitazama mikono. Gunzi lilishikwa na mkono wa kulia. Kidole gumba cha kushoto ndicho kilichosukuma punje, mstari baada ya mstari.

Chokaa ambayo polisi walichora jana ilikuwa bado chini. Alama moja mahali Tabea alipoangukia, nyingine mahali penye unyayo wa mbwa uliochimba udongo. Tumwagile alikwenda mlango wa jikoni, akageuka.

"Nassir, simama kwenye unyayo wa mbwa."

Nassir alisimama. Tumwagile alinyoosha mkono kama ameshika bastola, akamlenga kifuani. Kisha akaushusha kidogo na kuusogeza kulia. Kidole chake kikawa kinaelekea moja kwa moja kwenye alama ya Tabea.

"Mama Lea," alisema bila kushusha mkono, "mzee Filipo alikuambia ushike juu ya mpini, sivyo? Mpaka nyama ya mkono ijae."

Kidole gumba cha Lea kilisimama. Gunzi lilibaki mkononi.

"Mmetoka Mikumi," alisema.

"Tumetoka Mikumi."

"Marko amewaambia nini?"

"Amesema ni yeye. Lakini kabla hujasema chochote, nikuambie. Hulazimiki kusema kitu, na ukisema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani."

"Kiandikwe." Lea aliweka gunzi chini. "Nimekaa hapa tangu jana namsubiri mtu aniulize. Jana mliniuliza kama nimeona. Nikasema sikuona, kwa sababu Marko alinishika mkono, akaubana."

Nassir alitoa daftari.

"Chai ilikuwa tayari," Lea alisema. "Tabea akileta maziwa tunakunywa chai, ndipo anakwenda. Hata jana, siku nne baada ya mambo ya ng'ombe, alikuja. Aliniambia, 'Wanaume wetu wagombane, maziwa hayajagombana na mtu.' Nikacheka. Nikaingia kuchukua vikombe. Nikasikia anapiga kelele."

"Mbwa alikuwa wapi?"

"Amemshika mguu. Mwekundu, mate yanamtoka. Tabea akaanguka hapo. Mbwa akaacha mguu, akawa anakwenda usoni. Bastola inakaa kwenye droo ya jikoni. Nilisimama pale ulipo wewe. Nilimlenga mbwa hapa begani." Alijigusa bega. "Nilikuwa namwona vizuri. Nilisema moyoni, taratibu, kidole kimoja. Nilisema hivyo kabisa. Kisha ikalia."

Kuku alikuja kudonoa punje miguuni mwake, hakumfukuza.

"Mbwa akakimbia," aliendelea. "Nikajua nimempata. Nikafurahi, mama. Nikamwambia, 'Tabea, inuka, amekwenda.' Mara mbili nikamwambia. 'Inuka, amekwenda.'"

Nassir aliacha kuandika.

"Na mume wako?" Tumwagile aliuliza.

"Alitoka anapapasa ukuta. Akauliza ni nini. Nilishindwa kusema. Akapiga magoti, akamgusa kwa mikono mpaka akafika penye damu. Alivyojua, akainuka na kunipokonya bastola. Akasema imeandikwa jina lake, kwa hiyo ni yake yote, hata hili."

Simu ya Tumwagile iliita. Alikuwa bwana mifugo wa kata. Wakulima walikuwa wamemuua mbwa mwekundu kwa majembe asubuhi ile, upande wa Zombo, baada ya mbwa huyo kung'ata mbuzi wawili. Hakuwa na jeraha la risasi. Kichwa kilikuwa kimeshapelekwa kupimwa, lakini bwana mifugo alisema dalili zote za kichaa alikuwa nazo.

Tumwagile alimshukuru, akakata. Lea alikuwa amesikia.

"Hata kidogo?" aliuliza. "Haikumgusa hata kidogo?"

"Hapana, mama."

Lea alifunga kanga yake upya kiunoni, akafunga mlango wa jikoni kwa kufuli, akampa Nassir ufunguo.

"Kulet yuko wapi?"

"Kituoni Kilosa. Na watu wake."

"Nataka nimwambie mimi. Kabla hamjaniingiza ndani. Akisikia kwenu atasema ni uongo mwingine."

"Siwezi kukuhakikishia usalama, mama."

"Sikuombi usalama."

*

Walifika saa tisa na nusu. Tumwagile alimwomba Mkuu askari wanne wasimame getini bila kuonyesha silaha. Mkuu alizipitia karatasi za shabaha, akazipitia tena, akamtazama mwanamke aliyekaa kwenye gari. "Dakika tano," alisema.

Lea alitembea mwenyewe hadi kwenye kivuli cha ukuta. Wanaume waliosimama walikaza fimbo zao. Kulet alibaki amekaa. Lea alipiga magoti mbele yake, mbali kidogo.

"Baba Sankale," alisema. Sankale alikuwa mtoto wa kwanza wa Tabea. "Marko hakumpiga mama Sankale. Marko haoni. Aliyepiga ni mimi."

Minong'ono ilipita nyuma. Kulet aliinua kiganja, ikakoma.

"Wewe," alisema.

"Mimi. Mbwa alikuwa anamla. Nililenga mbwa."

"Mumeo alisema ni yeye."

"Alinificha. Nami nikajificha. Kwa hilo nimekukosea mara ya pili."

Kulet alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeuliza njia.

"Bastola ulijifunzia wapi?"

"Mikumi."

"Kule ulikuwa unalenga nini?"

"Karatasi, Baba Sankale."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Hakuna mtu pembeni yake."

"Hakuna," Lea alisema, na hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu wamkute uani. Alilia bila kujifunika uso.

"Alikufa akiwa anasema nini?"

"Hakusema. Alinishika kanga. Nilikaa naye hadi mkono ulipolegea. Hakuwa peke yake."

Kulet alishika fimbo na kujiinua. Alikuwa mzee kuliko alivyoonekana akiwa amekaa. Aligeuka kwa watu wake, akawaambia maneno machache kwa lugha yao. Mmoja alijibu kwa ukali. Kulet alirudia yale yale bila kupandisha sauti, na yule mtu akatazama chini. Wakaanza kuondoka, wawili wawili, kuelekea zilikokuwa pikipiki.

"Huyu amesema," Kulet alimwambia Tumwagile. "Sasa nyinyi fanyeni kazi yenu, na msimguse vibaya. Mimi nipeni mke wangu nikamzike."

"Kibali kiko tayari, baba. Koplo atakupeleka hospitali."

Hakumtazama Lea tena. Alimfuata Nassir kwa hatua ndefu za taratibu.

Ndani, ukumbini, Marko alikuwa amekalishwa kwenye benchi kusubiri. Alisikia nyayo, akainua kichwa.

"Lea?"

"Ni mimi."

"Umekuja kufanya nini huku?"

"Nimeshawaambia, Marko."

Marko alinyoosha mkono hewani. Lea aliushika. Sheria haikuruhusu watuhumiwa wawili wa kesi moja kuzungumza, na Tumwagile aliijua vizuri. Alisimama akisoma tangazo la zamani ukutani hadi mikono ile ilipoachana.

Chumbani alifungua fomu ya maelezo ya onyo. Aliuliza jina, umri, kabila, dini, kazi, makazi. Lea alijibu yote. Aliuliza kama yuko tayari kutoa maelezo kwa hiari yake, Lea akasema yuko tayari. Mkono wake wa kushoto ulilala mezani, umefunuliwa, kama kitu alichokuja kukikabidhi.

"Uhusiano wako na marehemu?"

Lea hakujibu. Nje pikipiki zilikuwa zinawaka moja moja na kuondoka. Tumwagile alisubiri, kisha akaandika mwenyewe: rafiki.

"Umeandika nini hapo?"

Tumwagile alimsomea.

"Hapana," Lea alisema. "Rafiki unaweza kukaa wiki hujamwona. Andika alikuwa mtu wangu wa kila siku."

Tumwagile alilikata neno kwa mstari mmoja, akaandika juu yake kama alivyoambiwa, na pembeni akaweka herufi za kwanza za jina lake, kama taratibu zinavyotaka mahali palipofutwa.